Kichaka cha Mama Mghoi

Bustani ya mwenzio haifyekwi kwa macho yako. Mmeisikia leo, mkaniuliza ni nani aliyeitamka kwanza. Basi sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Wundanyi, katika milima ya Taita, aliishi mjane aliyeitwa Mghoi. Uzee ulimfunga macho taratibu, hata mchana na usiku vikawa kwake kitu kimoja. Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani ambayo mpita njia angeiita kichaka: mnavu ulioachwa ukaiva, mipera iliyojiotea, alizeti zilizokaukia shinani, na ua wa miiba usiojua panga. Aliitunza kwa kupapasa. Kila siku aliketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, akisikiliza. Ndege kurumbiza alipoimba uani, alijua kunapambazuka. Chiriku walipojaa kwenye alizeti, alijua umande umekauka, akaenda kuchuma mboga.

Mwanawe wa pekee, Mwadime, alikuwa mwashi huko Voi, na hayo hakuyajua. Mwaka mmoja alipata likizo, akafika nyumbani na kukuta mama yake amekwenda Mwatate kwa dada yake kuuguza mguu. Alipoitazama ile bustani aliona haya. Akawaza pia nyoka, na mama asiyeona akitembea humo peke yake. Akanoa panga.

Jirani yao, mzee Mwakio, alimwambia amngoje mwenyewe arudi. Mwadime akamjibu kwa adabu kwamba alitaka kumfurahisha mama, na kazi ikaendelea. Alifyeka siku tatu, akang'oa ua, akachoma vyote. Alipokuwa akizoa majivu aliona kiota kilichoungua nusu, lakini hakukitilia maanani. Akapanda kabichi kwa mistari iliyonyooka, akatandaza changarawe njiani, akafunga na kamba ili mama aishike anapotembea.

Mghoi aliporudi jioni, Mwadime alimshika mkono akamtembeza. Mama aligusa kamba, akagusa kabichi, akamshukuru mwanawe na kumwombea baraka. Mwadime alilala na moyo mweupe.

Asubuhi alimkuta mama bado kitandani, macho wazi.

"Mwadime," mama aliuliza, "kumekucha?"

"Kumekucha kitambo, mama. Jua limeshapanda."

Mghoi alitega sikio. "Mbona sijamsikia kurumbiza?"

Hapo Mwadime akasikiliza pamoja naye. Hapakuwa na sauti ila ya upepo. Akakumbuka kile kiota, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nimewafukuza mimi, mama. Sikujua."

"Ulifanya kwa mapenzi, mwanangu," mama akasema, akimpapasa kichwa. "Ila uliitazama kwa macho yako. Mimi nilikuwa na masikio tu."

Hakumlaumu tena, na hilo ndilo lililomchoma Mwadime kuliko lawama. Aling'oa kabichi, akapanda alizeti na mnavu, akachomeka vijiti vya miiba mahali pa ua. Lakini ua haukui kwa majuto. Chiriku walirejea msimu uliofuata, na mama akatabasamu alipowasikia. Kurumbiza hakurudi. Kila asubuhi Mwadime, ambaye sasa hakurudi tena Voi, alimwendea mama kumwambia kwamba kumekucha. Mghoi alimshukuru kila mara, kwa sauti ya mtu aliyepewa maji badala ya maziwa.

Mwaka wa tatu Mghoi alifariki. Ndugu walipokusanyika kwa matanga, vijana wa ukoo waliona kichaka nyuma ya nyumba, wakachukua mapanga wapasafishe, waombolezaji wapate pa kukaa. Mwadime alitoka akasimama mbele ya ule ua, uliokuwa bado unamfika kiunoni. Wakamwambia mwenye bustani hayupo tena, na wao wanamsaidia tu.

Aliwajibu kwa upole, machozi yakimtiririka, na tangu siku hiyo watu wakalishika neno lake:

"Bustani ya mwenzio haifyekwi kwa macho yako."