Pimbi Alivyompokea Bibi Mabua

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kununiana na majirani kama sisi, mimi nilikuwepo. Wengine wanaowasimulia habari hizi walisimuliwa. Mimi nilikaa juu ya kichuguu, miguu inaning'inia, nikayaona yote mwanzo hadi mwisho. Shule niliishia darasa la nne, lakini macho yangu hayakuishia huko. Basi tulieni.

Palikuwa na bonde likiitwa Ngwami, na watu wake walilima mtama. Kiboko alikuwa na shamba upande wa mto, kubwa kiasi kwamba akianza kulitazama asubuhi anamaliza adhuhuri. Nyati alikuwa na shamba upande wa kichakani, kubwa vilevile, ila mwenyewe alisema ni kubwa zaidi. Katikati yao, penye mawe, palikuwa na kipande cha Pimbi. Kipande hicho kilitosha kutandikia jamvi la wageni sita, kama wageni hao ni wembamba.

Pimbi alikuwa na mke, Mama Mwasiti, na watoto watatu. Mwaka uliopita mtama wao uliisha kabla mvua za masika hazijaanza. Desturi ya Ngwami ilikuwa hivi: aliyeishiwa chakula huenda kwa mwenye chakula, akamchotea maji mpaka mavuno. Basi Pimbi na mkewe wakamchotea Kiboko. Kiboko alikuwa akishinda mtoni na kulala mtoni, lakini maji ya kunywa alitaka aletewe kwa mtungi. Alisema ya mtungini ni matamu zaidi.

Mtama ulipoiva tena, Mama Mwasiti alimwambia mumewe maneno machache, akiwa anafagia uwanja.

"Baba Mwasiti, mwaka huu nikitwishwa tena ule mtungi, sirudi hapa. Nitapitiliza nao mpaka kwetu, na watoto nyuma yangu."

Pimbi alikwenda kukaa juu ya jiwe lake akafikiri. Alijua mke wake hana mazoea ya kusema jambo mara mbili.

Sasa niwaeleze habari za Bibi Mabua, maana bila yeye hakuna hadithi.

Ngwami walivuna wote siku moja, ngoma ikishalia. Aliyechelewa kumaliza kuliko wenzake, mashina yake ya mwisho yalifungwa yakawa sanamu ya bibi kizee. Kichwa masuke, mikono mabua, macho mbegu mbili za kunde, kiunoni kamba ya mgomba. Huyo ndiye Bibi Mabua. Alibebwa kwa vigelegele mpaka nyumbani kwa huyo mchelewaji, akakaa humo mwaka mzima. Kila chakula yeye huwekewa kwanza. Kila mpita njia huingia kumwamkia, na akishamwamkia lazima apewe cha kutafuna. Na mwenye nyumba, mwaka mzima, jina lake huwa Mkia.

Wakubwa waliiogopa aibu hiyo kuliko njaa. Kiboko aliwahi kumpata Bibi Mabua mwaka mmoja. Mama mkwe wake akaja kutembea, akaingia ndani, akamwamkia mabua kwanza, ndipo akamwamkia mkwewe. Kiboko hakula siku mbili, jambo ambalo halijatokea tena.

Lakini desturi ile ilikuwa na mkia wake nayo, ambao wakubwa hawakuutilia maanani. Bibi akishafungwa, mashamba yote yamefungwa. Suke lililoanguka, suke lililosahauliwa, punje iliyomwagika, vyote ni masazo, na masazo ni ya nyumba aliyofikia Bibi. Pimbi alilikumbuka hilo juu ya jiwe lake. Akashuka, akanoa kisu.

Siku ya mavuno ngoma ikalia, ndu! ndu! Kiboko akaingia shambani kwake, Nyati kwake, miundu ikaanza, chwa, chwa, chwa. Pimbi na mkewe wakavuna kipande chao, wakabakiza mashina matatu. Pimbi akafuta kisu, akamwambia mkewe anakwenda kuwajulia hali majirani.

Alipita kwanza pembeni mwa shamba la Nyati, kisha akamkuta Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Umetoka kwa Nyati? Amefika wapi?"

"Nimemwacha anafunga mzigo," akasema Pimbi.

Na ni kweli, Nyati alikuwa akifunga mzigo. Ulikuwa mzigo wake wa kwanza. Kiboko hakuuliza ni wa ngapi. Aliutupa mundu, akaanza kuvuna kwa mdomo, mashina kumi kumi, na kwa kila kumi aliyobeba, manne aliyakanyaga.

Pimbi akazunguka, akamkuta Nyati. Nyati naye akataka habari za Kiboko.

"Nilipopita alikuwa amekwisha kuingia mtoni," akasema Pimbi.

Hilo nalo kweli. Kiboko aliingia mtoni kunywa kabla ya kazi. Nyati akatoa sauti puani, akainamisha pembe, akalivuna shamba lake kama anayepigana nalo. Masuke yakaruka huku na huku, tap, tap, tap, kama mvua ya mawe. Nyati hakugeuka nyuma. Kugeuka kungemchelewesha.

Ilipofika alasiri wote wawili walikuwa wamemaliza, wanahema, wanatazamana. Kisha wakatazama kwa Pimbi. Mashina matatu yalikuwa bado yamesimama, na Pimbi alikuwa chini yake, anakata la kwanza polepole kwa ukucha.

Bonde zima likacheka. Mzee Kobe akaja kumfunga Bibi. Kazi hiyo alipewa yeye kwa sababu hana haraka, na pia kwa sababu kila mwaka alikuwa wa mwisho kufika, wenzake wamekwisha kuondoka. Mashina matatu hayakutosha, ikabidi aongeze mabua. Kobe akafunga, akatia macho ya kunde, akatamka desturi yote kuanzia juu hadi chini, pamoja na habari za masazo. Wakubwa walikwisha kwenda kuoga.

"Karibu, Mkia," Nyati akamwambia Pimbi alipokutana naye njiani.

"Ahsante, Mzee Nyati. Ukoo wetu wote umekufa bila mkia. Mimi ndiye wa kwanza kupata."

Nyumbani hakukuwa na vicheko. Mama Mwasiti alimtazama Bibi Mabua toka kichwani mpaka chini, akamtazama mumewe.

"Tuko watano hatuna cha kula, umeniletea wa sita?"

"Mtafutie kanga, Mama Mwasiti. Halafu kesho lete na vikapu."

Mama Mwasiti akatoa kanga yake moja, akamfunga Bibi. Kanga ilikuwa na maneno: NIMEKUJA KUKAA, SI KUPITA. Asubuhi yake wakashuka shambani, baba, mama na watoto watatu. Waliokota siku saba. Waliokota shamba la Kiboko, wakaokota la Nyati, wakarudia la Kiboko. Walipopura na kupepeta, wakajaza vihenge vitatu, na cha tatu ilibidi Mwasiti akikanyage ili kifungike. Kisha wakamkalisha Bibi Mabua mbele ya vihenge, uso mlangoni. Kila mpita njia aliyeingia kumwamkia alipewa bisi za mtama, akatoka anatafuna. Siku hiyo Mama Mwasiti alimwekea Bibi chakula bila kukumbushwa.

Masika yakaja. Mwaka huo hakuna aliyechota maji ya Kiboko. Kiboko akangoja, akakwea kwenye mawe mwenyewe kuuliza kulikoni, na njiani akamkuta Nyati anakwenda kuuliza hilohilo. Wakaingia. Wakamwamkia Bibi, maana ndiyo desturi. Walipoinua macho wakaona vihenge.

Kiboko alitafuna bisi zake kwanza. Ndipo akasema, "Huu mtama naufahamu."

"Na wewe unakufahamu," akasema Pimbi. "Ulikulia kwako."

Nyati akasema hapo pana wizi, na kwamba yeye ataita watu. Wakaitwa watu. Mzee Kobe akafika baada ya siku tatu, akatamka desturi tena kuanzia juu. Alipofika kwenye masazo, wakubwa wakatazama chini. Hapakuwa na wizi. Palikuwa na haraka ya wakubwa.

Wakati wa kuondoka Kiboko alibaki nyuma kidogo, akainama mpaka pua yake ikamgusa Pimbi.

"Pimbi mdogo wangu. Mtu anampataje huyu Bibi?"

"Kwa kuwa wa mwisho, Bwana Kiboko. Hakuna njia nyingine. Mimi mwakani simtaki tena, nyumba ni ndogo."

Kiboko akashukuru, akaenda zake akitabasamu. Kichakani Nyati alikuwa amejificha, anangoja zamu yake aulize swali hilohilo. Naye akajibiwa hivyohivyo. Pimbi hakuwa mtu wa kupendelea.

Mtama ukaiva. Ngoma ikalia, ndu! ndu! Pimbi na watu wake wakaingia, wakavuna, na jua lilipokuwa utosini suke la mwisho likawa kihengeni. Pimbi akapanda kwenye jiwe lake, akakunja miguu.

Kiboko alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba lake, mundu umelala begani. Nyati alikuwa amesimama ukingoni mwa lake.

"Anza wewe, mkubwa," Nyati akasema kwa sauti ya upole.

"Nitakutanguliaje, ndugu yangu? Wewe ndiye mwenye shamba kubwa. Mwenyewe umesema."

"Nilikuwa nikijisifu tu. Lako ndilo kubwa."

Adabu ya namna hiyo haikuwahi kuonekana Ngwami. Watu walikuja kutoka mabonde mengine kuitazama. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu, wakubwa wanakaribishana. Mtama ukakauka mpaka upepo ukivuma unalia kama kayamba. Siku ya tano wakaja ndege, wale kweleakwelea, wingu zima, frrrr! Wakatua upande wa mto, wakatua upande wa kichakani.

Kiboko akainua mguu akawafukuze. Nyati akamwambia, "Haya, ingia. Umeanza." Kiboko akaurudisha mguu.

Akatumwa mtu kwa Mzee Kobe kuuliza, je, anayeingia shambani kufukuza ndege huhesabiwa kwamba ameanza kuvuna? Kobe akasema ni swali zuri. Akalifikiria siku mbili. Jibu likawa hapana, hahesabiwi, na mjumbe akakimbia nalo mpaka ukingoni. Wakati huo ndege walikuwa wamekwisha kushiba, wamekwenda kunywa maji. Mashamba yalikuwa yamesimama vizuri sana, mabua matupu.

Sasa likazuka jambo gumu zaidi. Nani amekuwa wa mwisho? Wote wawili hawakuanza, wote wawili wamemaliza. Nyati akasema Bibi ni wake, Kiboko akasema ni wake, na midomo ikaanza kupanuka na pembe zikaanza kuinama. Ndipo Pimbi akashuka jiweni.

"Wakubwa zangu, mnagombania nini na mabua yapo tele? Mzee Kobe afunge wawili. Kila mtu na wake."

Hata Kobe alikiri kwamba desturi haikatazi. Wakafungwa Mabibi wawili, wakubwa, wanene, wazuri kuliko wote waliopata kufungwa Ngwami. Kiboko akambeba wake kwa nyimbo mpaka mtoni, Nyati akambeba wake mpaka kichakani. Wakawakalisha uso mlangoni. Wakaenda na vikapu kuokota masazo yao. Wakaokota asubuhi, wakaokota jioni. Ndege hawakuwa na haraka kama wao walivyokuwa mwaka jana, kwa hiyo hawakumwaga kitu.

Miezi haikuwa mingi. Siku moja Mama Mwasiti alisikia hodi. Akafungua. Kiboko alikuwa amesimama mlangoni, amekonda kidogo tu, sehemu za juu. Kwapani amembana Bibi Mabua. Nyuma yake, mbali kidogo, Nyati anajifanya anatazama mawingu, naye ana wake.

"Tumekuja na Bibi," akasema Kiboko.

Mama Mwasiti akamtazama mumewe ndani. Pimbi alikuwa anakula. Akahesabu vihenge kwa macho: kimoja cha mwaka jana hakijaguswa, na kile kidogo cha mwaka huu kimejaa. Akasogea kidogo mlangoni.

"Karibuni. Bibi waingie wakae, ni wazee." Akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akautoa ule mtungi, akamkabidhi Kiboko. "Na mto unaujua."

Kiboko akaupokea mtungi, akautazama ndani, akajitwika. Nyati akapewa ndoo. Mpaka mavuno yaliyofuata, kila asubuhi niliwaona wanapanda na maji kwenye yale mawe, na Mama Mwasiti anayaonja kwanza. Habari za kwenda kwao hakuzitaja tena.

Funzo lake ni hili: akili ya mwaka jana haivuni mtama wa mwaka huu.

Hayo niliyaona yote, na asiyeamini akaulize kichuguu. Ila nisiwadanganye kwenye jambo moja. Yale maneno ya kanga nimeyatia mimi. Kanga ya Mama Mwasiti ilikuwa imefuliwa sana, maandishi yalikwisha kufutika.