Pembe ya Ng'ombe na Jino la Shaba

Isome taratibu hadi mwisho, kisha mpelekee yeyote unayemjua ambaye hakosi ushauri kwa kila jambo.

Mwalimu Fidelis Kihwele alifundisha hesabu mkoani Iringa kwa miaka thelathini na miwili. Alipostaafu alibaki na mkewe Perpetua, shamba dogo la mahindi, na mbwa mwekundu aliyeitwa Shaba. Kila asubuhi, baada ya chai, mzee na mbwa walikwenda pamoja hadi mtoni na kurudi. Mwalimu hakumwambia mtu, lakini safari hiyo ndiyo iliyomwondolea upweke wa kuacha kazi.

Shaba alipofikisha miaka minne, akaanza kunuka mdomo. Akipiga miayo barazani, mgeni husogeza kiti. Perpetua akasema kwa upole kwamba ama mbwa atafutiwe dawa, ama wageni waanze kupokelewa jikoni.

Mwalimu akamwinua Shaba mdomo wa juu, akaona meno ya mbele yameshika utando wa njano. Akaelewa mara moja. Mbwa huyu anakula ugali na mchuzi, hana anachotafuna. Akipata kitu cha kutafuna, meno yatajisugua yenyewe. Jambo jepesi kabisa. Akavaa kofia, akatoka kwenda kuuliza watu ni kitu gani kinafaa.

Kila aliyemuuliza alikuwa na jibu, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Mwenye bucha alimpa mfupa wa supu uliochemshwa ukakauka. Shaba akaung'ata mara mbili, ukapasuka vipande vyenye ncha, kimoja kikamkwama kooni. Mwalimu akajikuta amepiga magoti uani, mkono mmoja ndani ya mdomo wa mbwa, mwingine umeshika koleo. Mama mmoja wa kwaya akamhakikishia kwamba muwa ndio mswaki wa mbwa. Shaba akatafuna muwa, akameza na makapi, akaharisha siku mbili. Binti yao Sekunda, aliyekuwa akiishi Dodoma, akatuma kwa basi mfupa wa ngozi kavu uliofungwa fundo huku na huku. Shaba akaulainisha kwa mate, akameza nusu nzima, kisha akaja kuitapika kwenye mkeka aliokuwa ameukalia Mwalimu.

Mzee alirudi kulalamika. Mwenye bucha akasema kosa ni la mbwa, ana pupa. Mama wa kwaya akasema kosa ni la muwa, bila shaka ulikuwa mwembamba. Sekunda akasema kwenye simu kwamba mbwa wa jirani yake hajawahi kutapika, labda baba anamlisha ovyo. Mwalimu akakata simu. Aliwahi kufundisha darasa la watoto tisini na hakuwahi kuchoka namna ile.

Ndipo akaja jirani yake, Luvanda, mtu aliyewinda sana ujanani na aliyependa kulitaja jambo hilo. Luvanda alicheka aliposikia habari za muwa. Akasema meno ya mbwa yaliumbwa kuvunja mifupa porini, na ukimpa vitu laini unamdharau. Akaleta pembe ya ng'ombe, nyeusi, nzito, iliyokauka miaka mingi juu ya dari lake.

Mwalimu hakutaka tena kuamini maneno ya mtu. Aliiweka pembe juu ya jiwe, akaipiga nyundo kwa nguvu zake zote. Haikupasuka wala kumeguka. Akapiga tena. Akaridhika. Kitu hiki hakitatoa vipande, hakitamezwa, hakitatapikwa. Baada ya kupoteza mwezi mzima kwa wajuaji, alikuwa amepata jibu kwa akili yake mwenyewe.

Shaba aliipenda pembe ile. Alishinda nayo mchana kutwa akiitafuna, na baada ya wiki chache meno ya mbele yakang'aa. Mwalimu akawa anawaita wapita njia waje kuyaona.

Kisha mbwa akabadilika. Alianza kuchukua tonge na kuliangusha. Akawa analala nyuma ya banda la kuku, haji barazani. Perpetua akimgusa ananguruma. Perpetua alimwambia mumewe mara ya kwanza, akamwambia mara ya pili. Mwalimu akamjibu kwamba mbwa amedekezwa, aachwe ashike adabu. Asubuhi moja Shaba akakataa kwenda mtoni, na Mwalimu akaenda peke yake, amekasirika njia nzima.

Jumamosi iliyofuata, Perpetua aliinama kumpa chakula, akampapasa shavu kama alivyozoea. Shaba akageuka akamng'ata mkono.

Jeraha lilikuwa kubwa. Walilisafisha kwa maji mengi na sabuni, wakaenda zahanati, Perpetua akashonwa na kuchomwa sindano. Waliporudi, Luvanda alikuwa anawasubiri langoni. Akasema mbwa akishamng'ata anayemlisha, hana kurudi nyuma tena, na kwamba porini walikuwa wakimmaliza siku hiyo hiyo.

Mwalimu alimtazama mkewe na ile bendeji, hasira ikampanda hadi kichwani. Miezi ya kuhangaika na mdomo wa mbwa huyu, koleo, mkeka, kejeli za watu, na haya ndiyo malipo yake. Akamfunga Shaba mnyororo kwenye nguzo ya banda, akampigia simu daktari wa mifugo wa wilaya, akamwomba aje na sindano ya kumlaza moja kwa moja.

Perpetua alimsihi asubiri. Akaenda kukaa langoni kumngoja daktari.

Daktari Adelina alifika adhuhuri kwa pikipiki yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka. Akaamkia, akaomba kadi ya chanjo, akaiona haina kasoro. Halafu, badala ya kufungua mkoba, akavuta kigoda akakaa mbali kidogo na mbwa akimtazama.

Mwalimu akasema, "Daktari, nilikuita kwa sindano. Sikukuita umtazame."

"Nimesikia, Mwalimu." Akamgeukia Perpetua. "Mama, ulimgusa shavu gani?"

"La kushoto," Perpetua akasema. "La kulia hana neno. Ni wiki tatu sasa. La kushoto ukilisogelea tu, ananguruma."

Daktari akamtazama Mwalimu, kama mtu anayengoja jibu. Mwalimu akatazama pembeni.

Sindano ya kwanza aliyochoma Daktari ilikuwa ya usingizi tu. Shaba alipolala, akaufungua mdomo wake na kumwita Mwalimu asogee na tochi. Mbele meno yalikuwa meupe. Nyuma, juu kushoto, jino kubwa kuliko yote lilikuwa limepasuka kutoka juu hadi kwenye fizi, na kipande kimoja kilikuwa kinacheza. Daktari alipobonyeza fizi, usaha ukatoka.

"Huyu amekula na jino hili wiki tatu," akasema. "Mimi nisingemngoja mtu anishike shavu. Ningeanza kung'ata mapema. Alikuwa anatafuna nini?"

Mwalimu akaenda kuichukua pembe. Hata wakati ule, sauti yake ilikuwa na fahari kidogo aliposema kwamba aliipima kwa nyundo, mara mbili, na haikumeguka.

"Jaribu kuikwaruza kwa ukucha," Daktari akasema.

Akajaribu. Ukucha uliteleza, haukuacha alama yoyote.

"Kitu ambacho ukucha wako hauwezi kukiachia alama ni kigumu mno kwa meno ya mbwa. Atakipenda, atakitafuna, na siku moja ama hicho kitapasuka, ama jino." Akaigusa pembe iliyokuwa mkononi mwa mzee. "Ulipima pembe, Mwalimu. Jino hukulipima."

Mwalimu Kihwele alisimama pale uani na pembe mkononi, akimtazama mbwa ambaye yeye mwenyewe alitaka afe mchana ule.

Shaba alipelekwa kliniki ya wilaya kwa gari la kukodi, jino likang'olewa akiwa usingizini, mizizi yote mitatu. Daktari akaagiza mbwa aangaliwe dalili za kichaa kwa siku kumi, kama ilivyo desturi mbwa anapong'ata mtu. Kuhusu kutafuna, alisema wachague kitu kinachokubali alama ya ukucha, kikubwa kuliko kinywa chake ili asikimeze, na wamkalie karibu wakati wote anapotafuna. Kikishapungua, wakitoe. Na hicho nacho hakitoshi. Kila siku mtu atie kitambaa safi kidoleni, amsugue meno kwa mkono, mpaka yale ya nyuma kabisa, kwa sababu hakuna kitu cha kutafuna chenye macho ya kuona jino lililosahauliwa.

Siku ya nne Shaba alimaliza bakuli lake lote. Siku ya kumi na moja Perpetua akakaa kwenye ngazi ya baraza na kunyoosha ule mkono wenye makovu. Mwalimu akataka kumzuia, akajizuia mwenyewe. Mbwa akaja taratibu, akalaza shavu la kushoto kwenye kiganja, akafumba macho.

"Mama Sekunda," Mwalimu akasema, "ulinieleza mara mbili."

"Mara tatu," Perpetua akasema. "Ya tatu ulikuwa unawaonyesha watu meno ya mbele."

Mzee akaenda ndani, akarudi na kitambaa safi. Akapiga magoti mbele ya mbwa, akaomba aelekezwe jinsi ya kumshika asiumie.

Funzo: Ukitaka kumfaa mtu, usipime ubora wa unachompa tu, pima kama yeye anakiweza, na anayekupenda akibadilika ghafla, tafuta kwanza anaumia wapi kabla hujamhukumu.