Jina Moja, Miguu Sita

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, maana baiskeli zilikwishapata gia na redio zilikwishaanza kutangaza hata mambo yasiyotuhusu, palikuwa na kisiwa kiitwacho Chundo. Kisiwa kidogo cha minazi na mchanga, ukipiga chafya kusini, kaskazini wanakuombea afya. Kila mwaka watu walitoka pande zote kwenda huko kushindana trayathloni. Trayathloni, kwa asiyejua, ni ugonjwa wa watu wenye afya: unaogelea mpaka uchoke, unapanda baiskeli mpaka uchoke zaidi, kisha unakimbia kwa miguu, na hakuna aliyekufukuza.

Sasa Chundo hawakuwa na kombe. Mwaka wa kwanza wa mbio kamati ilitafuta kombe, ikapata sufuria, ikaona haya. Ndipo wakaamua kutoa walichonacho, yaani jina. Mtoto wa kwanza kuzaliwa kisiwani baada ya mbio kwisha, huyo hupewa jina la mshindi. Awe wa kike, awe wa kiume, hakuna kuulizana. Ndiyo maana ukifika Chundo unapokelewa na binti mrembo aitwaye Yorgen Makame, na anayekuuzia pweza ni Bwana Brenda Haji, mwenye ndevu hadi kifuani, na hakuna anayecheka.

Habari hiyo ilipita redioni, ikapanda milima, ikafika Tukuyu kwenye mvua na baridi, ikaingia katika sikio la mtu aitwaye Ambilikile. Huyu alikuwa amevuka miaka hamsini, na kazi yake ilikuwa kubeba mikungu ya ndizi kwa baiskeli kutoka milimani hadi Kyela. Baiskeli yenyewe ya chuma, keria yake pana kama meza, breki zake soli za viatu vyake. Yeye na mkewe walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi wakipendana, na mtoto hawakujaliwa. Kule kwao jina la mtu huendelea kwa wajukuu. Lisilo na mjukuu hubaki limesimama mlangoni kama mgeni ambaye hakuna aliyemwambia karibu. Ambilikile alisikia tangazo, akazima redio, akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Hakumwambia mtu.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, kamati iliruhusu timu za watu watatu: mmoja aogelee, mmoja apande baiskeli, mmoja akimbie. Kamati haikufikiri mbali. Kamati gani hufikiri mbali? Ambilikile baiskeli aliiweza, lakini majini alikuwa mwenzake jiwe la kusagia. Basi akamwendea shemeji yake Subilaga, mdogo wa mkewe, aliyeolewa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nyavu za mumewe zikikwama ziwani, mume alikuwa akikaa mtumbwini kutoa ushauri, na Subilaga akiruka majini kuzikwamua. Kisha akamwendea mpwa wake Gwakisa, mwana wa dada yake, mgambo wa kijiji mwenye miaka thelathini. Huyu wezi wa kuku walikwishaacha kumkimbia, wakiona ni kupoteza muda. Aliwaambia wote wawili twendeni tukaione bahari. Kuhusu jina hakugusia lolote. Subilaga aliuliza chakula ni juu ya nani, Gwakisa akauliza kama ni lazima kuvaa zile nguo za kubana. Wakaenda.

Chundo walifikia nyumbani kwa Bwana Khatibu, mjumbe wa kamati. Mkewe, Bi Raya, alikuwa na mimba ya kwanza iliyokwishafika mwezi wake, na kisiwa kizima kilijua kwamba ndiye anayefuata. Hapo ndipo Subilaga na Gwakisa walipoisikia ile desturi ya jina, na mngeona kampeni. Wanamichezo wa kila taifa walimletea Bi Raya machungwa, mito, feni ya mkono. Mmoja alikuja kulitamkia tumbo jina lake polepole ili mtoto alizoee, mpaka Khatibu akamwomba kwa adabu arudi hotelini. Ambilikile hakuleta kitu ila ndizi alizotoka nazo Tukuyu. Alizimenya mwenyewe, akazipika na maziwa. Bi Raya akala, akasema tangu apate mimba, hiyo ndiyo siku ya kwanza chakula kukubali kukaa. Ambilikile akamjibu: kula tu, mwanangu, kisha akatoka nje upesi akajifanya anaikagua cheni.

Asubuhi ya mbio, watu wa ziwa walifanya kosa la watu wa ziwa. Ziwa Nyasa ni pana, lina mawimbi na lina hasira, lakini halina tabia ya kuhama. Ukiliacha hapa asubuhi, adhuhuri unalikuta hapa. Ambilikile aliteremka pwani mapema, akaona mchanga mkavu, mpana, umetulia. Wengine wameegesha baiskeli zao juu kabisa, kwenye minazi. Akawashangaa: kwa nini mtu atoke majini akiwa hoi halafu umtembeze mpaka huko? Yeye akaiegesha yake chini, hatua chache tu kutoka majini, na viatu vya Gwakisa akavifunga kwenye usukani visije vikapotea. Kisha akaenda kunywa uji. Bahari nayo, bila kumwarifu mtu, ikaanza kujaa.

Subilaga aliingia majini akawatangulia wote tangu mwanzo. Alipofika katikati koo lilimkauka, na kwa mazoea ya Matema akafungua kinywa akapiga mafunda mawili makubwa. Tumbo halikujadiliana naye. Alitapika huku anaogelea, jambo ambalo kamati ilikiri haijapata kuliona likifanywa kwa kasi ile, na waliokuwa wakimfuata nyuma wakaamua kutafuta njia nyingine. Akakaribia pwani wa kwanza. Hapo goti lake likagonga chuma.

Juu, Ambilikile alikuwa amesimama na kikombe cha uji mkononi, akiitazama bahari pale alipoacha baiskeli. Viatu vya Gwakisa vilikwishafunguka, vinaelea, kimoja kinakwenda mashariki, kingine hakijaamua. Subilaga angeweza kuja mikono mitupu, akampa shemeji yake kitambaa chekundu ambacho kila timu hupokezana, kazi yake ikaishia hapo. Hakufanya hivyo. Alizama, akaushika usukani, akaivuta ile baiskeli ya chuma kutoka kwenye maji na mchanga huku anatapika, na wakati anaivuta watu wanne wakampita. Akaifikisha.

"Shemeji," alisema, "ng'ombe wako huyu hapa."

Kisha akaketi chini na hakutaka kuulizwa chochote.

Ambilikile akapanda. Cheni ilisaga mchanga kama mtu anayetafuna karanga, lakini yeye barabara nzuri hakuwahi kuizoea. Waliokuwa mbele walikuwa na baiskeli nyepesi ambazo ungeweza kuzibeba kwa kidole, na tairi nyembamba kama mkufu. Zilipofika kwenye mchanga zikazama. Yeye akawapita mmoja mmoja, akiwapa pole. Akabaki peke yake mbele, kwenye mikorosho, na kwa mara ya kwanza akajiruhusu kulitamka jina lake kwa sauti, kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

Kwenye kona akamkuta Bi Raya, amekaa chini, ameshika mti. Alikuwa ametoka kwa mama yake kuja kutazama mbio, na uchungu ukamshika njiani. Zahanati ilikuwa nyuma, kule Ambilikile alikotoka. Waliokuwa wakija hawakuwa na keria. Katika baiskeli zote za mbio zile, moja tu ilikuwa na mahali pa kukalisha mtu. Katika moyo wa Ambilikile mambo mawili yalikimbia pamoja: mama huyu, na jina lile. Akageuza baiskeli. Akakunja shati lake likawa mto juu ya keria, akampandisha.

"Baba, na mbio zako?" Bi Raya aliuliza.

"Ndizo hizi," alisema. "Nishike mkanda."

Akarudi nyuma, akikutana uso kwa uso na wapinzani wake wote. Walidhani amepotea. Mmoja, mtu mwema kabisa, alimwonyesha kwa mkono upande sahihi. Pale zahanati muuguzi alimpokea mama, akamwambia Ambilikile kwamba mtoto amekaa vibaya, na kama wangechelewa zaidi ya hapo asingependa kusema kingetokea nini. Ambilikile akageuza tena, akaipanda njia yote upya, akafika kituo cha kupokezana akiwa wa mwisho, bila shati.

Gwakisa alikuwa amebaki pale peke yake na mzee wa kamati aliyekwishaanza kukunja meza. Hakuuliza habari. Aliuliza viatu. Mjomba wake akaelekeza kidole baharini.

Njia ya kukimbia ilipita juu ya mawe ya matumbawe, makali kama meno ya msumeno. Gwakisa alikimbia peku. Mgambo hakuzoea kukimbiza kundi, amezoea mtu mmoja, kwa hiyo alimtazama wa mbele yake akajiambia yule ni mwizi wa kuku. Akamfikia, akampita, akachagua mwizi mwingine. Hivyo hivyo, mwizi baada ya mwizi, mpaka wezi wakaisha. Akaukata utepe kwa kifua, na ncha moja ya utepe huo alikuwa ameishika Bwana Khatibu, ambaye katika kisiwa kizima ndiye mtu pekee aliyekuwa hajaambiwa kwamba mkewe yuko zahanati. Nyuma ya Gwakisa mchanga ulikuwa na alama nyekundu. Hajapumua vizuri, habari ikaja kutoka zahanati: mtoto wa kike, amezaliwa sasa hivi, mama mzima.

Basi alasiri wote wakakusanyika uani mwa zahanati. Bi Raya ameketi mkekani na mtoto, Khatibu kando yake, muuguzi anachokoa matumbawe nyayoni mwa Gwakisa. Khatibu akawaeleza wageni kwamba kwa desturi jina hutajwa siku hiyohiyo, kabla ya adhana ya magharibi. Watu wakasema mpeni yote matatu. Khatibu akatikisa kichwa: mtoto atakuwa na lake, la baba yake na la babu yake, na nafasi iliyobaki wazi ni moja tu. Bi Raya naye akaombwa achague, akakataa. Alisema yeye amebebwa na mmoja wao, akichagua itaonekana analipa nauli. Waamue wenyewe.

Subilaga ndiye aliyeanza, maana tumbo lilikwishatulia.

"Mimi nimezaa sita," alisema. "Wote sita wamepewa majina na mama mkwe, hata siku moja sikuulizwa. Leo nimetoka majini wa kwanza. Ningeiacha ile baiskeli ilale na samaki, nani angepanda nini? Huyu mama angebebwa na nini? Kila kilichofuata nimekivuta mimi kwa mikono hii, na tumbo langu likiwa nje."

Gwakisa akasema bila kuinua macho kutoka kwa muuguzi.

"Desturi inasema jina la mshindi, mama. Mshindi ni aliyekata utepe. Nilipokea kitambaa tukiwa wa mwisho, na nyayo zangu mnaziona. Wanangu nikiwapata nitawapa majina ya wazee, ndivyo ilivyo kwetu. Hili moja nimelikimbilia mwenyewe."

Ambilikile alimtazama mtoto, akatazama mikono yake yenye grisi, akaiweka nyuma. Ndipo akawaambia, kwa mara ya kwanza, kwa nini aliwatoa milimani. Aliwaeleza tangazo la redio, na chai iliyopoa. Alikiri kuwa baiskeli na viatu kuliwa na bahari ni kosa lake.

"Lakini nilikuwa wa kwanza, na nikaacha," alisema. "Jina langu likifika mwisho, limefika. Na huyu mtoto, ninyi mmelikimbilia jina lake. Mimi nilimkimbilia yeye."

Subilaga alimpenda shemeji yake, na kwa sababu hiyo hakumficha.

"Nikuulize, shemeji, na unijibu kwa haki. Angekuwa mama mwingine njiani, asiye na mtoto wa jina tumboni, ungegeuza baiskeli?"

Ambilikile alifungua kinywa. Mtu mwingine angesema ndiyo, tukamaliza. Yeye alirudi moyoni mwake mpaka kwenye ile kona ya mikorosho, akatafuta kati ya yale mambo mawili lipi lilitangulia, na hakuliona.

"Sijui," alisema.

Bi Raya aliposikia hivyo alisema kwa upole kwamba yeye alipokuwa ameshika ule mti hakuuliza anayekuja anakuja kwa nini. Gwakisa akasema hilo ni kweli, lakini jina si shukrani, ni ushindi. Subilaga akasema na ushindi bila baiskeli ni matembezi.

Sasa muadhini amekwishapanda, anakohoa kusafisha koo. Khatibu ameinama, mdomo wake karibu na sikio la mwanawe, anangoja neno. Mtoto amefumbua jicho moja, anawatazama watatu hawa kwa zamu.

Mimi nimewafikisha hapo, na zaidi ya hapo sijui njia. Haya, ninyi mliokaa mkinitazama, semeni kabla adhana haijaanza: aitwe Subilaga, aliyeikomboa safari kutoka majini? Aitwe Gwakisa, aliyeimaliza kwa damu ya nyayo zake? Au aitwe Ambilikile, aliyemfikisha mtoto duniani na hajui alifanya hivyo kwa ajili ya nani? Jina lilimstahili nani?