Mtu wa Tatu wa Bi Asteria

Hapo zamani. Si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya juzijuzi, watu wana simu mfukoni na bado hawajui bima waliyokata inamlinda nani. Msicheke. Wewe uliyecheka kwanza, gari lako lina bima gani? Haya, nyamaza basi, usikilize.

Palikuwa na mjane mmoja huko Njombe, kwenye baridi, jina lake Bi Asteria. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa na watoto watatu, wote watu wazima. Wa kwanza Jackton, seremala, mpenda bei nafuu kupindukia. Huyo akinunua viatu anauliza kama mguu mmoja hauuzwi peke yake. Wa pili Debora, fundi cherehani, msema kweli hata asipoulizwa. Wa tatu, kitinda mimba, Lusungu, binti wa haraka: haraka kuamka, haraka kula, haraka kuondoka.

Bi Asteria aliuza ng'ombe wawili akanunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye pua fupi na sauti kubwa. Lusungu akawa dereva. Kila asubuhi anakusanya maziwa ya mama yake na ya majirani, anayashusha mjini. Kirikuu ikitembea, nyumba inakula. Kirikuu ikilala, maziwa yanamwagwa, na wachinjaji wanaanza kupita kuwaangalia ng'ombe waliobaki. Bi Asteria alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Sasa, siku ya kukata bima alikwenda mwenyewe mjini. Wakala akamweleza, mbiombio, kwamba kuna bima kubwa na kuna bima ndogo. Bima ndogo, akasema, ni ya mtu wa tatu, na bei yake haiumizi. Bi Asteria akatabasamu. Akamuuliza kama ana hakika kwamba ni ya mtu wa tatu. Wakala akasema hakika kabisa, mama. Basi mama akalipa, akarudi nyumbani anaimba.

Aliimba kwa nini? Hebu wahesabuni watoto wake. Mtu wa kwanza, Jackton. Mtu wa pili, Debora. Na anayeendesha gari ni nani? Ehee! Mwaka mzima yule mama alilala fofofo akijua kitinda mimba wake yuko kwenye mikono salama. Jackton na Debora hakuwakatia, maana wao hawaendeshi.

Mwaka ukakaribia kwisha. Jioni moja, jikoni, mama anakoroga ugali, akamwambia Lusungu asihangaike na ile stika ya bima, yeye mwenyewe atakwenda kuikata tena ile bima yake. Lusungu akauliza, bima yangu ipi? Mama akamweleza. Binti alitaka kucheka. Alipomtazama mama yake usoni, hamu ya kucheka ikamwisha.

“Mama,” akasema, “mtu wa tatu si mimi. Mtu wa tatu ni yule nitakayemgonga.”

Bi Asteria akaweka mwiko chini. “Na wewe je?”

“Mimi simo.”

“Na gari je?”

“Gari nalo halimo. Nikilipondaponda, ni letu wenyewe.”

Mama yule alilia. Aliona aibu, ndiyo, lakini hofu ilizidi aibu. Mwaka mzima mwanawe ameshuka vilima vile, ukungu huku, malori ya mbao kule, na yeye nyumbani anaimba. Ugali ukaungua, na hakuna aliyeujali.

Kesho yake akawaita wote watatu, akawasimamisha nyuma ya kirikuu. Mnajua mji ule, kila gari lina maandishi nyuma. Huyu kaandika jina la mke, yule kaandika neno la kuwachoma majirani. Kirikuu ya Bi Asteria ilikuwa tupu. Akapiga lile bodi kwa kiganja, akasema:

“Nataka bima inayotutosha. Isinizidi uwezo, na isimwache mtoto wangu nje. Atakayetuwezesha kuipata, jina lake ndilo litakaloandikwa hapa.”

Watu wazima wale walijidai kucheka. Lakini mimi nawaambieni, kila mmoja alilitazama lile bodi akaliona jina lake. Nani asiyependa kusomwa na kila anayemfuata nyuma?

Jackton akatangulia. Akaingia ofisi ya kwanza, akauliza bima kubwa bei gani, akatajiwa, akashika kichwa, akatoka. Akaingia ya pili, akauliza bima kubwa bei gani, akatajiwa, akashika kichwa, akatoka. Akaingia ya tatu, ya nne, akazimaliza za Njombe, akapanda basi kwenda Makambako, akaanza upya. Viatu vikafunguka soli. Gari ni lilelile, bima ni ileile, lakini kila mlango una bei yake! Na mahali penye bei ya chini kabisa Jackton hakuruka kwa furaha. Aliuliza: tukipata ajali, sisi wenyewe tunaanza kuchangia kiasi gani? Alipotajiwa mchango wenyewe, akaona hiyo ni bei nafuu ya kununulia kilio, akatoka. Mwishowe akapata kampuni moja ndogo, bei yake ya wastani, mchango wake unabebeka. Akarudi nyumbani kama bwana harusi.

Bi Asteria akasikiliza. Akauliza swali lake: “Na mtoto je?”

Jackton akasema dereva ameongezwa humo, akiumia atatibiwa. Mama akashusha pumzi.

Lakini Debora alikuwepo. Akauliza, kaka, walipokuuliza gari ni la matumizi gani ulijibu nini? Jackton akakohoa. Akasema alijibu ni la matumizi binafsi. Debora akauliza, maziwa ya kijiji kizima ni matumizi binafsi? Jackton akasema kirikuu ni ya mama, na mama ni mtu binafsi, sasa uongo uko wapi? Debora hakucheka. Akamwambia siku gari likipinduka na madumu ya maziwa mgongoni, kampuni itasema gari hili hatulijui, na haki itakuwa yao.

Wakagombana kweli kweli. Asubuhi Debora akaenda kwa yule wakala wa kampuni ndogo akasema ukweli wote: gari ni la biashara, linabeba maziwa, linatembea kila siku. Bei ikapanda. Ikapanda mpaka mama akasema basi, tukate tena ile ndogo, Mungu atatusaidia. Jackton akamtazama dada yake, na macho yake yalisema hiyo ndiyo kweli yako.

Debora akarudi kwa wakala, safari hii na mama yake. Akaomba aelezwe bei ile imejengwa na nini, kitu kimoja kimoja, taratibu, kama anavyomweleza mteja wake kitambaa, uzi na vifungo. Wakala akaanza kutaja. Hii ni ya kuvuka mpaka kwenda nchi za jirani. Debora akasema kirikuu hii haijawahi kufika hata Iringa, toa. Hii ni ya redio ya gari. Debora akasema redio ya gari lile ni mdomo wa mdogo wangu, toa. Hii ni ya kukodishiwa gari lingine la kupigia misele wakati lenu liko gereji. Toa, tutakodi punda. Bei ikashuka, ikashuka, ikabaki kidogo tu kufikia uwezo wa mama.

“Hii ya mwisho ni ya dereva,” wakala akasema. “Mkiitoa hii, mmefika.”

Jamani, hapo msema kweli alisita. Hakika alisita, maana Lusungu alikuwa na afya yake, na bei ilikuwa karibu kabisa. Mdomo ulishaanza kufunguka aseme toa.

Bi Asteria akaweka mkono juu ya meza. “Hiyo iache,” akasema. “Hiyo ndiyo niliyoijia tangu mwaka jana.”

Akavua kitenge kipya alichojifunga kwa ajili ya safari ya mjini, akakikunja, akavuka barabara, akamuuzia mwenye duka la nguo. Alirudi amevaa gauni tupu kwenye baridi ile. Bima ikakatwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe.

Miezi ikapita, Njombe ikaingia ukungu. Asubuhi moja mama akamwambia Lusungu asubiri ukungu uinuke. Lusungu na kusubiri, wapi na wapi? Akaondoka. Alipofika kwenye mteremko wa kuingilia mji, ng'ombe wa mtu akatokea katikati ya barabara. Binti akakwepa. Ng'ombe akapona. Kirikuu ikaingia kwenye ukuta wa duka, pua fupi ikazidi kuwa fupi, madumu yakapasuka, maziwa yakashuka barabarani meupe hadi kwenye mtaro. Mkono wa Lusungu ukavunjika.

Mwenye duka akatoka. Mlidhani atamtukana? Hata! Alikuwa mpole kuliko mchungaji. Akasema binti pole, ukuta si kitu, tusaidiane tuisukume kirikuu pembeni, uende zako, haya mambo tuyamalize wenyewe bila trafiki. Upole wote huo wa nini? Tazameni ukutani. Kuna alama kubwa nyekundu ya X, ile ya kubomolewa. Duka lilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na mwenyewe hakutaka mtu wa serikali asimame pale hata kumsalimu.

Lusungu, mwana wa haraka, aliumwa mkono na baridi ikampenya. Watu walikwishashika kirikuu tayari kusukuma. Angekubali, angekuwa hospitalini kabla jua halijatoka. Lakini alijua bila trafiki hakuna taarifa ya ajali, na bila taarifa kampuni haitasikia neno. Akakaa chini, mgongo kwenye tairi, akasema:

“Hakuna kugusa gari. Nasubiri.”

Alisubiri! Kwa mara ya kwanza maishani mwake. Maziwa yaliyosalia akawagawia wanafunzi waliokuwa wakipita kwenda shule, yasije yakaharibika bure. Trafiki akaja, akaandika. Mkaguzi wa bima akaja, viatu vyake vikalowa maziwa. Akauliza: gari hili mlisema ni la kazi gani? Debora, aliyekuwa amefika mbio na sindano bado kifuani, akajibu la biashara ya maziwa. Mkaguzi akatazama karatasi zake, akatazama viatu vyake, akasema sawa.

Kampuni ikalipa. Ukuta ukalipwa, maana mwenye duka, apende asipende, ndiye aliyekuwa mtu wa tatu. Mkono ukafungwa plasta, hospitali ikalipwa. Mchango wa mama ukawa ule wa kubebeka, akautoa bila kugusa ng'ombe. Majirani wakabeba maziwa kwa baiskeli mpaka kirikuu ilipotoka gereji, na ilitoka na pua mpya inayong'aa. Siku hiyo Bi Asteria aliimba tena, na safari hii alijua anaimba kwa nini.

Akamwita fundi Chengula, mchoraji wa maandishi. Chengula akaja na brashi na kopo la rangi ya bluu, akapima bodi. Akasema pua ni mpya ila huku nyuma ni kulekule, nafasi inatosha jina moja. Si mawili. Moja.

Jackton akasema: “Mimi ndiye niliyeifuata. Nisingezunguka ofisi zile, kampuni hii msingeijua. Mngekata ghali mkashindwa, au mngekata rahisi mkalia.”

Debora akasema: “Ulipata bima ya gari jingine, kaka, siyo ya hili. Mimi ndiye niliyesema ukweli wa gari, na mimi ndiye niliyeishusha bei bila uongo. Mkaguzi alipolowa maziwa, nani alikuokoa?”

Lusungu akasema: “Na mimi ndiye niliyewaamsha usingizini nyote. Mngekuwa bado mnanikatia bima ya mtu wa tatu. Kisha niliketi kwenye baridi na mkono uliovunjika. Ningeondoka, bima yenu ingebaki karatasi.”

Jackton akamkumbusha aliyeambiwa asubiri ukungu ni nani. Debora akamkumbusha Jackton yale matumizi binafsi. Lusungu akanyoosha mkono wenye plasta, akamuuliza dada yake ni nani aliyetaka kusema toa. Wote watatu wakageuka, wakamtazama mama yao aliyesimama pale na gauni lake bila kitenge.

Bi Asteria akatikisa kichwa. Akasema yeye hana analodai, yeye ndiye mjinga aliyenunua maneno bila kuyauliza maana, na jina la mjinga haliandikwi kwenye gari.

Chengula akachovya brashi, akainama, akasubiri. Rangi ikaanza kudondoka tone tone kwenye vidole vya miguu yake, na hakuna aliyemtajia jina.

Basi nawauliza ninyi, maana mimi nimeshagombana na mume wangu juu ya jambo hili na hatujasemeshana tangu jana. Yupo aliyeitafuta, yupo aliyeinyoosha, yupo aliyeilinda, na yupo aliyekosea kwa kupenda na hakuacha kuuliza mtoto je. Bodi ni moja, jina ni moja, rangi inakauka. Je, Chengula aandike la nani?