Ufunguo wa Nyumba ya Bi Maimuna

Hapo zamani, si zamani ya majini, zamani hii ya juzi tu, palikuwa na nyumba Pangani iliyopangishwa wageni kwa siku. Huyu akitoka saa nne, yule anaingia saa nane. Mwenyewe Bi Maimuna alikuwa na sharti moja: shuka za mgeni anayeondoka zikung'utwe mara tatu kabla ya kwenda kufuliwa, maana wageni husahau vitu kitandani.

Watu watatu walifanya kazi humo. Salama alipokea wageni na kuwaaga. Kombo alifua. Mwajabu alisafisha na kutandika, na huyo ndiye ninayemwonea huruma, basi nivumilieni nikimtaja sana.

Siku moja Bi Maimuna akawaita. "Wanangu, nimechoka. Jumapili nahamia kwa binti yangu Mtwara. Jumamosi wanakuja maharusi kukaa fungate. Atakayenipendeza siku hiyo nitamwachia ufunguo, aisimamie nyumba na kuishi chumba cha uani."

Mwajabu akautamani ufunguo ule. Yeye na mama yake mgonjwa walikuwa wameambiwa wahame walikopanga kabla mwezi haujaisha, na hawakuwa na pa kwenda.

Jumamosi ikafika. Aliyekuwa akiondoka ni mzee Hizza, mwalimu mstaafu. Salama akamsindikiza, na kama kawaida yake akauliza: unapanda basi gani, unashukia wapi, nani anakupokea?

"Dada Salama, unamhoji mzee wa watu kama polisi," Kombo akamcheka. Mzee akajibu yote, akaenda zake.

Ndani, Mwajabu ana haraka. Akazoa shuka na foronya, akazifunga furushi moja, akampa Kombo. Hakukung'uta hata mara moja. Mnaguna nini? Nanyi mngekuwa na mama mgonjwa wa kulala nje, mngekung'uta?

Kombo akazikung'uta kwa mazoea, na kwenye pembe ya foronya kikadondoka kifuko cha dawa za moyo. Akadhani Mwajabu alikwisha kukung'uta, ila kilinasa humo. Akaziacha shuka chini, akamkimbilia Salama.

"Anakwenda Korogwe," Salama akasema. "Basi lake limeshaondoka, lakini litasimama Muheza."

Kombo akadandia bodaboda. Muheza akamkuta mzee kainama kitini, jasho linamtoka, anapekua mfuko. Akampa dawa, akakaa naye mpaka akapata nafuu.

Huku nyuma saa nane inakaribia. Shuka chafu ziko chini, za akiba zimelowa mvua kambani. Mwajabu akakimbia kwao, akafungua sanduku, akatoa shuka nyeupe za kudarizi ambazo mama yake alimwekea kwa siku ya ndoa yake mwenyewe. Ilimuuma, lakini akazitandika, akafukiza udi. Maharusi wakaingia. Bibi harusi akapapasa mto, akatabasamu.

Alasiri Kombo aliporudi, Bi Maimuna akawaketisha barazani.

"Mimi nimemfuata mtu mpaka Muheza," Kombo akasema. "Bila mimi leo tungekuwa tunasikia habari za msiba."

"Ungemfuata wapi?" Salama akamuuliza. "Maswali yangu mliyafanya kichekesho. Bila hayo ungebaki stendi na kifuko chako mkononi."

Bi Maimuna akamgeukia Mwajabu. "Nimeziona zile shuka, mwanangu. Wenzako wamemhudumia mgeni aliyekwisha kuondoka. Wewe umewapokea walioingia, tena kwa kitu chako cha thamani." Akamnyooshea ufunguo.

Mwajabu akautazama. Alichotakiwa ni kunyoosha mkono tu. Kombo hakujua kitu, Salama hakujua kitu, na mama yake alikuwa akisubiri habari.

"Mama, shuka za mzee sikuzikung'uta," akasema, na machozi yakamtoka. "Niliuharakia huo ufunguo. Mzee angekufa, ingekuwa juu yangu."

Mkono wa Bi Maimuna ukabaki hapo hapo, haukwenda mbele wala haukurudi, na safari yake ya Mtwara ni kesho asubuhi.

Nami nimewafikisha hapo, sisogei tena. Je, mngekuwa nyinyi Bi Maimuna, ufunguo ule mngempa nani?