Tupa ya Tajiri Marijani

Wewe, muuzaji akikuapia, unamwamini? Tajiri Marijani alimuuzia Mwanapili, fundi wa milango, mashine kuukuu ya kukwangua rangi, akaapa visu vyake ni kabaidi halisi, ile ngumu kuliko chuma cha pua. Mlango mmoja tu vikawa butu, na milango arobaini ya hoteli ilikuwa ikimsubiri. Akarudi dukani wateja wamejaa.

"Shikamoo, tajiri. Mafundi wanasema hakuna awezaye kunoa visu hivi kwa tupa. Nikawaambia, Marijani anaweza."

"Marahaba. Wavivu hao! Lete."

Akapiga tupa, unga wa chuma ukamwagika, visu vikang'aa.

"Umeona, binti?"

"Nimeona, na wateja wako wameona. Kabaidi hailiki kwa tupa, tajiri. Vyangu viko wapi?"

Marijani akajifuta jasho.

"Nilivibadilisha mimi. Viko kwenye droo."