Vyura wa Pembe na Kokoto Nyeupe

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, wakaongeza kuwa ni lazima ufungue uingie ndani. Maana yake haihitaji mwalimu: usikipime kitu kwa sura ya nje. Taabu ya methali hii ni kwamba kila mtu anaijua kwa ajili ya jirani yake. Zamu yake ikifika, anasimama mlangoni, anasifu rangi, kisha anaondoka akijiona ana macho. Ndivyo alivyofanya fundi wa friji, mwanamke ambaye methali hiyo ilikuwa haimtoki mdomoni.

Fundi huyo alikuwa na karakana katika jengo kuukuu la ghorofa tatu, naye alilala chumba cha nyuma ya karakana hiyohiyo. Alikuwa hodari wa kazi, na hasira zake zilikuwa karibu kama mate na ulimi. Mteja aliyemwuliza, "Mumeo fundi yuko wapi?" aliondoka na friji lake likiwa bovu vilevile. Viumbe pekee waliokaa naye bila kumwuliza kwa nini mwanamke ameshika spana walikuwa vyura wawili wa pembe. Aliachiwa na mteja mmoja aliyehamia ng'ambo, na kwa miaka minne aliwatunza kama mboni ya jicho.

Ukiwatazama vyura hao huoni chura. Unaona jani kavu la kahawia lenye mistari katikati, na kingo zake zimechongoka: ncha moja puani, nyingine mbili juu ya macho kama pembe. Jani hilo hutulia kutwa nzima. Mnyoo akipita mbele yake, jani linafumbua mdomo, na mnyoo hayupo tena. Jike lilikuwa kubwa kujaza kiganja, akaliita Bibi. Dume lilikuwa nusu yake, nalo hakulipa jina. Aliliita "wewe" tu, nalo halikulalamika.

Nyumba yao ilikuwa friji bovu lililolazwa chali, mlango umeng'olewa na mahali pake pamewambwa wavu. Ndani mlikuwa na udongo, majani makavu kina cha shubiri nzima, gome la mti na bakuli la maji. Hapakuwa na taa. Friji lilitunza ubaridi, majani yalitunza unyevu, na vyura walinenepa. Wateja waliliita jeneza.

"Nyumba njema si mlango!" aliwafokea, spana mkononi, na kwa hiyo hawakubishana.

Mwaka huo fundi alipata kazi aliyoisubiri maisha yake yote: kufunga vyumba vya baridi katika ghala kubwa la samaki, mji wa mbali, kwa miezi mitatu. Furaha yake iliingia doa mara moja. Nani angebaki na vyura? Hawakuhitaji mengi, lakini yale machache waliyahitaji kila siku: majani yanyunyiziwe maji, chumba kisipate joto, chakula kiwe hai.

Wa kwanza kujitolea alikuwa fundi viatu wa chini ya ngazi, aliyefahamika kwa jina la Gundi. Kila Jumamosi alimletea fundi kopo la minyoo na mende kwa ajili ya vyura. Fundi alipokea kopo na kushukuru, ila hakuwahi kuuliza anawatoa wapi. Moyoni alijijibu kuwa anawaokota mitaroni.

"Dada, miezi mitatu si mchezo," Gundi alimwambia. "Niachie mimi. Chakula chao ninacho, na chumba changu kina baridi."

Fundi alikitazama hicho kilichoitwa chumba. Aliona kijimlango cha bati lililoshika kutu, pazia la gunia, na mbele yake lundo la viatu vya watu vikinuka jasho na gundi. Akaziba pua kwa mkono wa ovaroli.

"Humo? Kaka Gundi, hiyo gundi yako itawamaliza kabla sijafika stendi."

"Gundi naitumia hapa nje. Ndani haliingii hata kopo tupu. Ingia uone."

"Nina haraka."

"Ni hatua mbili, dada."

"Nimesema nina haraka!"

Ilikuwa haraka ya uongo. Basi lake lilikuwa la kesho yake, na jambo lililompeleka mbio lilikuwa sifa. Alikuwa amealikwa kwa daktari wa meno, mtaa wa pili, ambaye wiki hiyo alikuwa amemtengenezea kiyoyozi. Daktari alikuwa mtu wa kwanza kuwasifia vyura wake bila kucheka.

"Mama fundi," alimwambia kwa sauti laini, "viumbe wa thamani kama hawa hawalazwi kwenye jeneza. Njoo uone wanapostahili kukaa."

Kweli palikuwa pa kuonekana. Katika chumba cha kungojea wagonjwa lilisimama sanduku la kioo refu kuliko meza ya kulia chakula. Juu yake paliwaka taa za buluu, pembeni maji yaliteremka kwenye jabali la plastiki, na chini zilitandazwa kokoto nyeupe pe, ndogondogo, safi.

"Zamani humu mlikuwa na nini?" fundi aliuliza.

"Samaki. Waliisha."

Samaki hawaishi kama sabuni! Mtu mwenye akili zake angeuliza waliisha vipi. Fundi hakuuliza. Alikuwa amekwisha kuvikwa kilemba cha ukoka, na mwenye kilemba hicho hainami kutazama chini. Akamwaga magunia mawili ya majani juu ya kokoto, ingawa alijua vizuri kuwa chura wa pembe hurukia chakula kwa mdomo wazi na kumeza chochote kilicho chini yake. Alitakiwa kuzizoa zote. Alizitazama, akaona zilivyopendeza kioo, akafumba macho na kujiambia kuwa majani yatazifunika. Aliandika maagizo kwenye karatasi: majani yasiondolewe, taa zisiwashwe, maji kila asubuhi. Daktari aliyasoma, akatabasamu, akayatia kwenye droo. Fundi akawaacha vyura humo, akapanda basi lake roho kwatu.

Mwezi mmoja ukapita. Fundi alikuwa juu ya ngazi ndani ya ghala, akikaza bomba la gesi, simu ilipolia mfukoni. Daktari alikuwa amemtumia picha na maneno: "Mama fundi, furahi! Wagonjwa walilalamika kwamba wanaona majani matupu. Nimeyatoa yote. Sasa vyura wanaonekana!"

Na kweli walionekana. Bibi alikuwa katikati ya kokoto nyeupe, chini ya taa ya buluu, amewekwa wazi mbele ya macho ya kila mtu. Fundi aliikuza picha hiyo kwa vidole. Chura aliyeumbwa asionekane alikuwa amevuliwa nguo hadharani! Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Mwisho akashuka kwenye ngazi, akamwendea msimamizi, akamwambia anahitaji siku mbili.

"Kuna msiba?" msimamizi aliuliza.

"Ukiendelea kuniuliza, utakuwepo."

Akapewa siku mbili.

Alifika kwa daktari alasiri ya kesho yake, vumbi la safari likiwa bado usoni. Wagonjwa wanne walikuwa wamekaa, na mmoja wao, mzee mwenye shavu lililovimba, alikuwa amelielekezea simu sanduku la kioo.

"Huyu mkubwa hodari wa kupigwa picha," alisema mzee. "Anatulia kweli."

"Tangu jana hajajongea," dada wa mapokezi alijibu kwa fahari.

Fundi alilisogelea sanduku. Akafunua kifuniko, akaingiza mkono, akamwinua Bibi. Mwili ulikuwa mkavu na mgumu. Tumbo lilikuwa limejaa mabonge, na alipoligusa kwa kidole, kokoto ziligongana ndani yake. Watu walikuwa wamempiga picha maiti siku nzima, na hakuna aliyejua. Dume lilikuwa limejibana pembeni nyuma ya jabali la plastiki. Ncha ya pua yake ilikuwa imechubuka hadi kutoa damu, kwa kukisukuma kioo likitafuta pa kujificha. Pumzi zake zilikuwa fupifupi.

"Daktari!" fundi alipaza sauti iliyomfanya mzee aangushe simu. "Toka nje!"

Daktari alitoka, glavu mikononi, akitabasamu. "Mama fundi! Karibu. Tulia kidogo, kuna wagonjwa."

"Mgonjwa wako wa kwanza alikuwa humu! Mtazame!" Akamnyooshea mkono wenye Bibi. "Nilikuandikia nini? Nilikwambia majani yasitolewe!"

"Lakini chura asiyeonekana ana faida gani? Watu walidhani nafuga takataka."

"Kwa hiyo ukamuua ili apendeze."

"Sikumuua, amekula mwenyewe hizo kokoto. Basi yaishe, mama, nitakutafutia mwingine."

"Mwingine!" Fundi alicheka kicheko kilichokuwa kibaya kuliko kilio. "Kutwa nzima unachungulia midomo ya watu, ukashindwa kuchungulia mdomo wa huyu? Kioo umekisugua, taa umezing'arisha, jabali la uongo umelitiririshia maji. Kitu kimoja tu kilikuwa hai humu ndani, na hicho ndicho hukukitazama!"

Mzee mwenye shavu lililovimba aliinuka polepole, akachukua kofia yake, akasema jino limepoa ghafla. Wengine wawili walimfuata. Daktari alivua glavu.

Fundi alimfunga Bibi kwa kitambaa chake cha kichwa. Dume alilitia kwenye kopo lake la chakula, juu ya tambara lililoloweshwa. Akatoka bila kuaga. Barabara nzima alisema peke yake, akimlaani daktari na taa zake. Alipofika kwenye karakana, matusi yalimkauka. Chumba chake kilikuwa kimefungwa mwezi mzima, nacho kilitoa joto la tanuri. Majani ndani ya friji yalikuwa yamekauka kiasi cha kuvunjika vidoleni. Basi la kumrudisha kazini lilikuwa la alfajiri, na dume halingeweza kubaki humo hata siku mbili.

Alisimama uani na kopo lake. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja.

Gundi alikuwa ameketi barazani kwake akishona soli. Alitazama kopo, akatazama kitambaa kilichofungwa, akaelewa. Hakuinuka.

"Sikupi pole," alisema. "Usiitarajie kwangu."

"Sikuja kuchukua pole, kaka. Nimekuja kukuomba."

"Ulisimama papo hapo, umeziba pua. Miaka sita tunaishi jengo moja. Kila Jumamosi nakuletea kopo, unalipokea kwa ncha za vidole. Nikakwambia ingia uone. Hatua mbili! Ukaniambia una haraka." Akachomeka sindano kwenye soli. "Watu wakicheka friji lako unawarukia na methali. Mimi ulinitazama kwa macho gani?"

 Kwa mara ya kwanza maishani mwake fundi alifokewa na hakufoka.

"Nakuomba umchukue huyu," alisema. "Atakufa."

"Nitamchukua. Ila kwanza uingie ndani. Usipoingia, simchukui."

Fundi akainama, akasukuma bati, akapita pazia. Hatua ya kwanza ubaridi ulimpiga usoni. Hatua ya pili alikuwa katikati ya chumba. Ukuta wa nyuma ulipakana na tangi la maji la jengo, na kwa hiyo joto la mchana halikufika humo. Hapakuwa na harufu ya gundi wala ya jasho. Palinuka udongo uliopigwa na mvua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa bila mkunjo. Ukutani zilipangwa ndoo zilizojaa majani yaliyooza, na ndani yake minyoo, mende na konokono wadogo walikuwa wakizaliana. Mitaro haikuwahi kuhusika. Mtu huyu alikuwa amefuga chakula cha vyura kwa miaka minne na hakujisifu.

Sakafuni, kwenye kona yenye giza zaidi, palikuwa na beseni kubwa lililofunikwa wavu. Lilikuwa na udongo, majani kina cha shubiri, gome na kisahani cha maji. Fundi akapiga magoti, akatia mkono ndani. Majani yalikuwa yamenyunyiziwa siku hiyo hiyo.

"Hili la nani?"

"La vyura wako," Gundi alijibu kutoka mlangoni. "Nililitengeneza wiki uliyoniambia unasafiri. Ndipo nikakuita uingie."

Fundi akafungua kopo. Dume lilikaa juu ya majani kwa muda, likapiga hatua mbili za kivivu, likazama. Akalitafuta kwa macho asilione. Alilia kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa tena ya daktari. Daktari hakuwajua vyura. Yeye aliwajua, na kokoto zile aliziona kwa macho yake mwenyewe.

"Mwezi mzima beseni lilikuwa tupu," alisema. "Kwa nini uliendelea kulitia maji?"

Gundi aliangalia kitambaa kilichofungwa, akageuza uso.

"Nilijua utawarudisha, dada. Nilidhani utawarudisha wote wawili."

Hukumu ya fundi ilikwisha kutolewa zamani na waliomtangulia: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.